Kwa Nini Mvuvi wa Msangamkuu Hutetemeka Kwenye Nyuzi 22

Ukifungua simu mwezi wa Januari ukaangalia hali ya hewa ya Winnipeg, Kanada, unaweza kukuta namba mbili zisizopatana. Moja inasema hewa ipo nyuzi 20 chini ya sifuri. Nyingine, iliyoandikwa "inahisika kama", inasema nyuzi 33 chini ya sifuri. Mpwa wangu aliyepata nafasi ya kusoma Harbin, kaskazini-mashariki mwa China, alinionyesha namba za namna hiyo akaniuliza, "Mjomba, sasa mimi nijiandae kwa ipi?" Kijana amekulia Mtwara, ambako usiku wa Julai, ulio wa baridi kuliko yote, huzungukia nyuzi 19 au 20. Ana haki ya kuogopa. Lakini jibu la swali lake halianzii China. Linaanzia Msangamkuu, ng'ambo tu ya bandari yetu, alfajiri ya kipupwe, mashua za dagaa zinaporudi.

Kuanzia Mei hivi hadi Septemba, kusi, upepo utokao kusini, ndilo linalotawala pwani ya Lindi na Mtwara, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari mara kwa mara za upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili. Wavuvi wa dagaa hupenda usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti samaki vizuri. Wanarudi kukipambazuka, wameloa tangu kichwani. Mtazame kijana anayejaribu kufungua fundo la kamba: ngozi ya vidole imekunjamana, kidole gumba hakitaki kukutana na cha shahada, anasaidia kwa meno, na meno yenyewe yanagongana. Kipimajoto kikitundikwa pale ufukweni kitasoma nyuzi 22. Pembeni yake amesimama mchuuzi aliyekuja kununua, amevaa shati la aina ileile, ila kavu, na hana habari ya baridi.

Hewa ni moja na kipimajoto hakidanganyi. Wanachotofautiana wawili hawa ni kasi ya joto kuwatoka.

Jambo hili lieleweke kabla ya mengine yote. Tumezoea kusema baridi imeniingia, lakini hakuna kinachoingia. Ni joto linalotoka. Mwili wa mtu mzima aliyetulia huzalisha joto la wati 90 hivi, usiku na mchana, kutokana na chakula alichokula, na joto hilo ndilo linaloshikilia zile nyuzi 37 za ndani. Hupita kwenye ngozi, yenye nyuzi 33 hivi, likaishia hewani. Mahali palipotulia, hewa iliyogusana na ngozi hupata moto kidogo na kubaki palepale, utando wa milimita chache unaotufunika bila sisi kujua. Hewa isiyotembea huzuia joto vizuri sana. Upepo ukivuma, utando ule unapeperushwa, hewa nyingine inashika nafasi yake, nayo inachukua joto lake na kwenda. Ndivyo tunavyopoza uji kwa kuupuliza, ingawa pumzi yetu yenyewe ni ya vuguvugu.

Aliyejitahidi kulipatia jambo hili namba ni Paul Siple, Mmarekani aliyefika Antaktika mara ya kwanza akiwa kijana wa skauti, katika msafara wa Richard Byrd ulioanza 1928. Alirudi tena akiwa mtafiti, na katika majira ya baridi ya 1940 yeye na mwenzake Charles Passel walijaza maji kwenye kopo dogo la plastiki, wakalitundika juu ya paa la kituo chao, wakawa wanapima kasi ya upepo na muda ambao maji yalichukua kuganda. Matokeo yao yalichapishwa 1945 na yakawa msingi wa mahesabu kwa zaidi ya nusu karne. Tatizo ni kwamba kopo halina damu inayopeleka joto usoni. Namba zilizotokana na kopo lile zilitia chumvi. Mwaka 2001 Kanada na Marekani zilibadili fomula baada ya majaribio ya Toronto, ambako wanaume sita na wanawake sita walitembea kwenye mashine ndani ya chumba cha upepo wa baridi, vipimajoto vikiwa vimebandikwa nyusoni mwao. Fomula hiyo ndiyo inayotoa zile nyuzi 33 za Winnipeg, na inazungumzia kitu kimoja tu: uso ulio wazi wa mtu anayetembea mwendo wa kawaida.

Inafaa kuzitazama namba zake kwa karibu. Chukua hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Upepo wa kilomita 10 kwa saa, ambao sisi tungeuona wa kupunga tu, unaifanya ihisike kama 27 chini ya sifuri. Nyuzi saba zimeshaongezeka. Upepo ukifika kilomita 20 inakuwa 30, na ukifika 40 inakuwa 34. Yaani kilomita kumi za mwanzo zinaumiza kuliko ishirini zinazofuata, kwa sababu utando ule wa hewa ni dhaifu. Upepo mdogo unatosha kuondoa sehemu yake kubwa, na kinachobaki kwa upepo mkali ni kidogo. Kwa hiyo asiwepo wa kungoja dhoruba ndipo ajifunike. Na anayesubiri basi nyuma ya ukuta, badala ya kusimama njia panda, ameokoa nyuzi nyingi bila kuongeza hata soksi.

Wala upepo si lazima uvume. Dereva wa bodaboda wa Makete anayetoka alfajiri ya Juni hewa ikiwa nyuzi 5, akiendesha kilomita 40 kwa saa, uso wake unakuwa kama upo nyuzi 1 chini ya sifuri hata kama hakuna jani linalotikisika. Je, uso huo utaganda? Hautaganda, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Upepo huharakisha kupoa, lakini hauwezi kukifanya kitu kikavu kiwe baridi kuliko hewa inayokizunguka. Injini ya pikipiki ile ikizimwa itafika nyuzi 5 mapema zaidi, basi, haitashuka hapo kwa sababu ya upepo.

Basi nilimjibu mpwa wangu hivi: namba ya kwanza ndiyo inayoamua kama kitu kitaganda, ya pili inakuambia una dakika ngapi uso ukiwa wazi. Kwa viwango vya Kanada, ikihisika kama 28 hadi 39 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikiwa 40 hadi 47, ni dakika 5 hadi 10. Ikifika 55, hazitimii mbili.

Fomula hiyo haitumiki hewa ikizidi nyuzi 10, kwa hiyo haina la kusema juu ya kijana wa Msangamkuu. Kwake maji ndiyo yenye neno, na hesabu yake inastahili kufanywa taratibu. Gramu moja ya maji ikitaka kugeuka mvuke huhitaji joto la jouli 2,400 hivi (wati moja ni jouli moja kwa sekunde), na hulichukua popote palipo karibu. Shati la pamba lililoloa, hata ukilikamua kidogo, linabaki na gramu 300 za maji bila taabu. Likikaukia mwilini litakuwa limechukua zaidi ya jouli 700,000. Sehemu ya joto hilo hutolewa na hewa, lakini tuseme lote litoke kwa mwenye shati: angehitaji zaidi ya saa mbili za joto lote ambalo mwili wake uliotulia unazalisha, asibakiwe na hata chembe ya kujipasha. Au tuseme hivi, kwa mtu wa kilo 65, ni joto linalotosha kuushusha mwili wake mzima nyuzi tatu. Toa tatu kwenye 37. Madaktari huanza kuhesabu hatari chini ya 35.

Na kusi linafanya kazi mbili kwa mpigo. Linapeperusha utando wa hewa ya joto, papo hapo linaharakisha maji ya shati kuwa mvuke. Mtu akisema afadhali upepo unanikausha, ni kweli unamkausha, ila kwa joto lake mwenyewe. Kisha wimbi jingine linaruka juu ya ubavu wa mashua, shati linaloa upya, na hesabu inaanza mwanzo.

(Majira ya kaskazi mambo hugeuka: hewa ya Lindi imejaa unyevu, jasho haligeuki mvuke, joto halitoki, na ndiyo maana nyuzi 31 zinachosha kuliko 31 za Dodoma. Kanuni ni hiyohiyo.)

Mwili haukubali kirahisi. Kwanza hufinya mishipa ya damu ya vidole, masikio na pua, ili damu ya moto ibaki kifuani na tumboni. Ndiyo sababu vidole hushindwa fundo mapema, mtu mwenyewe akiwa bado salama. Halafu misuli hutetemeka. Kutetemeka ni kazi halisi, inaweza kuzidisha joto ambalo mwili unazalisha mara nne au tano, lakini inakula akiba ya chakula, na aliyetoka baharini bila kula kitu tangu magharibi hana akiba kubwa. Joto la ndani likishuka chini ya 35, imeanza ile hali inayoitwa haipothemia. Dalili zake ningependa kila nahodha azijue kwa moyo: mtu anaangusha vitu, anajikwaa pasipo na kitu, maneno yanamtoka mazito, anakuwa mkali au ananyamaza, na ukimuuliza anasisitiza kwamba hana neno. Likiendelea kushuka, karibu nyuzi 32 na chini yake, kutetemeka hukoma. Wenzake hufurahi wakidhani amepata nafuu, kumbe hapo ndipo alipo karibu na kifo. Wapo wanaofikia kuvua nguo wakisema wanaungua, kwa sababu mishipa iliyofinywa imeachia na damu inakimbilia ngozi.

Bahari yenyewe ni kali kuliko upepo. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na maji yetu Julai na Agosti huwa nyuzi 25 au 26, chini kabisa ya zile 33 za ngozi. Ni maji mazuri ya kuogelea saa moja. Kwa aliyepinduliwa na mashua akakaa ndani yake usiku kucha ni habari nyingine. Huyo aishikilie mashua hata ikiwa imegeuka, na apande juu yake kadiri awezavyo. Akiwa juu, ameloa na upepo unampiga, atahisi baridi kuliko alivyokuwa majini na atatamani kurudi. Asirudi, maana maji yanampoza haraka zaidi kuliko anavyohisi. Wakiwa wengi, wakumbatiane vifua kwa vifua. Kuogelea kuifuata taa iliyo mbali pwani humaliza nguvu na joto kwa pamoja.

Vinavyosaidia kwenye mashua si vya bei kubwa. Sweta la sufu na kofia kutoka mitumbani, vikae ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, visiguswe mpaka kazi ya nyavu iishe. Hapo mtu avue kilicholoa, ajifute, avae kikavu. Asiye na kikavu avae koti la mvua la nailoni juu ya hilohilo lililoloa. Halitamkausha, lakini litazuia upepo usimfikie na maji yasigeuke mvuke, na hivyo viwili ndivyo vinavyomaliza joto. Kipande cha turubai kilichotobolewa tundu la kichwa kinafanya kazi hiyo pia. Chupa ya chai yenye sukari ya kutosha ni chakula cha kutetemekea. Hayohayo yanawafaa wanaopuliza salfa kwenye mikorosho ya Newala na Tandahimba alfajiri za Juni na Julai, umande ukiwa bado majanini, wakatoka shambani wameloa hadi kiunoni kwenye baridi ya uwanda wa juu.

Gongo siwezi kuinyamazia. Inapewa sifa ya kuondoa baridi kwa sababu mnywaji huhisi moto papo hapo. Anachohisi ni mishipa ya ngozi kufunguka, damu ya ndani ikija juu kutoa joto kwenye upepo, yaani kinyume kabisa cha kile mwili ulichokuwa ukijitahidi kufanya. Inapunguza na kutetemeka pia. Juu ya hayo inamfanya mtu asijue kuwa anapoa.

Yupo mwingine anayeloa na kupigwa upepo kwenye mikoa yetu, naye hana nahodha wa kumtazama: mtoto mchanga. Anatoka kwenye nyuzi 37 akiwa amelowa maji ya uzazi, kamwili kadogo kenye ngozi nyingi kulinganisha na uzito wake, na hawezi kutetemeka kama mtu mzima. Katika dakika za mwanzo, asipokaushwa, joto lake la ndani linaweza kushuka sehemu moja ya kumi ya uzi kwa kila dakika. Nusu saa ni nyuzi tatu. Haya yanaweza kutokea kwenye chumba ambacho mkunga anatokwa jasho na feni inazunguka, na feni ile ndiyo kusi la mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 hadi 28 na kisipitishe upepo, mtoto akaushwe mara moja, afunikwe kichwa, alazwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama yake, na asiogeshwe mpaka saa 24 zipite.

Hilo la mwisho huleta ubishi majumbani, kwa kuwa bibi na mashangazi wanataka mtoto aoge mapema awe safi. Kwa heshima yote ninayowapa, niwaombe wasubiri kesho yake. Maji ya vuguvugu yanapoza mara tu mtoto anapotolewa kwenye beseni, kwa hesabu ileile ya shati la mvuvi. Kwa mtoto njiti kifua cha mama ndiyo tiba yenyewe. Matunzo hayo ya ngozi kwa ngozi, yaitwayo ya kangaruu, yalianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwapasha joto, na leo yanapendekezwa hata mahali penye mashine za kutosha. Baba naye ana kifua. Mama akichoka, ampokee.

Kwa anayekwenda Harbin, ambako usiku wa Januari hushuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mavazi yote yanafuata mambo yaleyale: hewa itulie, ngozi iwe kavu. Nguo nyepesi kadhaa zinashinda koti moja zito, kwa sababu kati ya kila mbili hubaki hewa isiyotembea. Ya kwanza kwenye ngozi isiwe ya pamba, maana pamba hunywa jasho na kulishika. Iwe ya sufu au ya nyuzi za kiwandani zinazokauka upesi. Katikati iwe ya kushika joto, sufu tena au koti la manyoya. Ya nje kazi yake ni kuzuia upepo, na hiyo ndiyo wanayoidharau wanafunzi wetu wengi wanaonunua sweta nene lenye matundu wakashangaa linavyopitisha. Akipanda ngazi na mzigo afungue zipu kabla hajatoka jasho. Jasho la saa nne asubuhi ndiyo baridi ya saa tano. Glovu za vidole vyote pamoja zinashinda zenye kila kidole peke yake. Viatu visibane, na soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko moja, kwa kuwa damu isipopita hakuna joto litakalofika.

Mkaa nao. Usiku wa baridi, Newala au Makete, kuna watu huingiza jiko chumbani wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu ikaizuia kubeba oksijeni. Aliyelala hupitiwa bila kuamka. Jiko lilale nje, hata kama limebaki na majivu mekundu tu.

Kuhusu kuganda kwa ngozi, vitabu vingi vya ugenini vina picha za ngozi nyeupe inayogeuka nyekundu. Kwa ngozi yetu usingoje wekundu. Angalia sehemu iliyopauka ikawa ya kijivu, ngumu ukiigusa, isiyohisi kitu. Mara nyingi ni ncha ya pua, masikio, mashavu au vidole, na mara nyingi anayeiona ni mwenzako kabla yako. Ingia ndani. Usiisugue, wala kwa theluji wala kwa mkono, kwa sababu vipande vya barafu vimo ndani ya nyama na vinakata. Usiiweke kwenye moto au kwenye chuma cha kupashia chumba. Haina hisia, itaungua bila wewe kujua. Izamishe kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, yapimwe kwa kiwiko cha mtu asiyeganda. Ikiwa bado kuna safari ya baridi mbele na inaweza kuganda tena, ni heri iachwe ilivyo mpaka ufike, maana kuyeyuka na kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Damu inaporudi maumivu huwa makali sana. Malengelenge yakitokea yasipasuliwe, na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.